Majani Mabichi kwa Wakwe

Niliondoka nyumbani Shighatini asubuhi moja kama mtu anayekwenda kuchota maji. Mama alikuwa kwenye migomba, nilisikia panga lake likikata majani makavu, nami nikapita upande wa pili wa nyumba. Sikuwa na ugomvi na mtu. Nilikuwa nimeacha shule mapema, kabla hata ya kufikia darasa la Kiingereza, na tangu hapo miguu yangu haikujua kutulia. Kila nilipokaa mahali nilianza kujiuliza upande wa pili wa mlima watu wanakula nini, wanalalaje, wanagombania nini.

Chini, mahali joto linapoanza, nilikuta lori la ndizi limesimama na dereva anatia maji kwenye rejeta. Nikamshikia debe. Akasema, "Panda." Lori lile lingekuwa linakwenda Moshi, ningekwenda Moshi. Lilikuwa linakwenda Same.

Same niliijua. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimefanya kazi huko chini kwenye shamba moja la mkonge, jikoni kwa bwana meneja. Kazi yangu ilikuwa kuosha sufuria, lakini macho yangu yalikuwa kwenye mikono ya mpishi. Mpishi yule alikuwa mtu wa Tanga, mnene, mwenye dharau, na alipenda kutazamwa. Bwana alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alijidunga sindano mwenyewe asubuhi akiwa barazani, na chakula chake kilipikwa mbali na cha wageni wake. Mchana alikula sahani kubwa ya mboga mbichi zilizokatwakatwa. Mara ya kwanza nilipoiona nilimuuliza mpishi kama bwana amefilisika.

"Hii ni saladi," akasema. "Ni kachumbari iliyokwenda shule. Tazama, wewe mtu wa milimani, usije ukasema hukufundishwa."

Nikatazama. Nilitazama miezi yote niliyokaa pale, mpaka siku niliyochoka na kuondoka.

Basi, siku ile ya lori, nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha duka karibu na stesheni ya Same, sijui niende wapi, mwanamume mmoja aliyekuwa akinunua chumvi akanikazia macho. Akaniuliza kama mimi si wa ukoo wa mke wa jirani yake, kule juu Mbaga, maana tumefanana paji la uso. Nikamwambia huyo ni shangazi yangu, dada ya baba, aliyeolewa Upare wa kusini nikiwa mdogo.

"Basi nenda ukamwone," akasema. "Amekonda mpaka kanga inamvuka."

Hivyo ndivyo nilivyopata pa kwenda. Nilipanda kwa miguu kupitia Mwembe, nikalala njiani, nikafika Mbaga siku ya pili jua likiwa limeinama.

Shangazi alikuwa amekaa kizingitini na kibuyu cha maji mapajani. Niliposema shikamoo aliitikia marahaba, akanishika uso kwa mikono miwili, kisha akanywa maji. Akaniuliza habari za nyumbani, akanywa tena. Kabla sijamaliza kumsimulia habari za baba, kibuyu kilikuwa kimekwisha na binti yake akaenda kukijaza. Asubuhi yake, nyuma ya nyumba, pale kwenye uzio wa kuogea, niliona sisimizi wamejipanga mstari mweusi kuelekea pale anapokojoa. Kwa bwana meneja niliwahi kusikia habari za sisimizi hao wanaofuata sukari kwenye mkojo.

Naye alikwisha kujua. Alikuwa amekwenda zahanati ya misheni, na mganga alikuwa amechemsha mkojo wake na dawa ya buluu kwenye kichupa, ikageuka rangi ya tofali. Nilimwomba anisimulie jambo hilo zaidi ya mara moja, kwa sababu nilitamani sana kuliona. Mganga akamwambia sindano hana, zinapatikana mbali na zinakwisha. Akamwambia apunguze ugali, apunguze ndizi, asiguse miwa wala chochote kinachotokana na miwa, ale mboga kwa wingi.

"Ale mboga," shangazi akasema, akicheka bila furaha. "Baba yangu, mboga bila ugali unaila na nini?"

Aliniita baba kwa sababu mtoto wa kaka ni kama kaka. Na swali lake lilikuwa la haki. Kwetu mboga ni ya kusindikiza. Ukimwekea mtu mboga peke yake umemwambia akae asubiri chakula. Kwa hiyo alikuwa akila makande na ndizi kama kawaida, ila akijibana, na njaa ikimshinda alimaliza sufuria jikoni akiwa peke yake, akitoka hapo amelegea na macho hayaoni vizuri.

Nikamwambia, "Shangazi, mimi najua namna ya kuila."

Bustani ya misheni ilikuwa na kabichi, karoti na nyanya, na kwenye mfereji unaotoka kwenye ndiva, lile bwawa la wote la kumwagilia, shangazi mwenyewe alikuwa na vitunguu na matango machache. Nilichemsha maji, nikayapoza, nikatia chumvi, nikaosha kila kitu humo jani kwa jani, maana mpishi wa Tanga alikuwa akisema mboga mbichi isiyooshwa inaua kabla ya sukari. Kabichi nikaikata nyembamba kama uzi. Karoti nikaikwangua kwa kisu. Vitunguu nikavifikicha kwa chumvi na kuvikamua ili visichome. Kisha nikatia konzi ya maharage yaliyopikwa jana yakapoa, ili tumbo lihisi kuna kitu kimeingia. Mafuta ya chupa hatukuwa nayo; nikaponda parachichi kwa maji ya ndimu, nikalichanganya mpaka kila uzi wa kabichi ukang'aa. Viazi sikutia. Kwa wageni wa bwana, mpishi alikuwa akitia viazi, na sukari kidogo kwenye siki, lakini kwenye sahani ya bwana hakuthubutu.

Shangazi alitazama bakuli. "Nikila hiki nitalia me-e," akasema.

"Onja kwanza ndipo ulie."

Alionja. Akala mpaka chini, akapangusa bakuli kwa kidole, na jioni hakuomba ndizi. Tukaendelea hivyo. Alikuwa anakula saladi kwanza, bakuli zima, halafu makande kidogo tu kwenye kiganja. Baada ya wiki chache kibuyu cha maji kilikaa kutwa bila kujazwa, na alianza tena kwenda shambani. Binti yake, ambaye alikuwa na mikono myepesi kuliko mimi, alikwisha kujua kuitengeneza.

Lakini alikula akiwa amejificha. Alikula nyuma ya banda la mbuzi, akiwapa mgongo watu wanaopita. Siku moja jirani mmoja mwenye mdomo alimkuta na bakuli.

"Mama, umehamia zizini?"

"Ninaonja tu alichoandaa mtoto."

"Chunga zisikuote pembe kabla ya harusi ya binti."

Shangazi alicheka naye, lakini alipoingia ndani nilimwona akijipangusa mdomo tena na tena, ingawa ulikuwa mkavu. Hapo ndipo aliponieleza jambo lililokuwa likimnyima usingizi. Binti yake alikuwa ameposwa na ukoo mmoja wa upande wa Suji, watu wenye heshima. Hao wakwe hawakujua kwamba mama wa binti ni mgonjwa. Wangejua, wangesema ugonjwa umo katika ukoo, na nani anataka kuoa kisima chenye ufa. Walipokuja mara ya kwanza, shangazi, kwa kuwa ni mama wa binti, alionja kila kitu mbele yao, kwa desturi: makande, ndizi, na kibuyu cha dengelua, pombe yetu ya miwa. Mwenye nyumba huonja kwanza ili mgeni ajue hakuna sumu, na wakwe walikuwa wengi, na kila mmoja aliletewa kibuyu chake. Usiku ule alizimia. Wageni waliambiwa ni homa. Mganga wa zahanati alimwambia, safari nyingine huenda asiamke.

Na sasa walikuwa wanakuja tena, kuleta mbuzi wa mahari.

"Usionje," nikamwambia.

"Nisipoonja wataondoka na mbuzi wao."

Mume wa shangazi alikuwa mtu mpole asiyependa maneno. Alisema tu, "Mama yenu atajua la kufanya," akaenda kutazama miwa yake. Nadhani alikuwa anaogopa kuliko sisi wote.

Mimi ndiye niliyekuja na mpango. Nilikuwa kijana, na nilikuwa nimeona meza ya Mzungu. Nikasema tutawatengenezea wakwe wote saladi, iletwe mwanzo kabisa, kama chakula cha heshima. Shangazi ataionja mbele yao, ataila kwa wingi, watu watamwona anakula. Vinavyofuata atavigusa kwa ncha ya kidole na kusema ameshiba. Hakuna atakayejua. Shangazi akasema, "Wewe umetembea, baba. Sisi tunajua nini?" Maneno hayo yalinivimbisha kichwa siku nzima.

Siku ilipofika nilikata mboga tangu alfajiri. Kabichi zilikuwa nyingi kiasi kwamba hakukuwa na bakuli la kuzitosha, na sahani za kuazima zilikuwa zimewekewa nyama. Nikatafuta chombo kipana. Ukutani palikuwa na ungo mpya, mweupe, mzuri. Nikautandika majani ya mgomba, nikapanga kabichi katikati, karoti zikaizunguka, nyanya pembeni kama maua. Binti wa shangazi alikuwa amefungiwa ndani akivishwa, na shangazi alikuwa uani akipokea wageni, hakuna aliyeniona. Mimi nilikuwa nimeridhika kabisa. Nilitamani mpishi wa Tanga angepita njia.

Wakati nikipanga, nilisikia mbuzi wakiingia uani, nyimbo, vigelegele, kisha kimya kidogo, kisha vigelegele tena. Sikutoka kutazama. Mimi niliyezoea kuchungulia kila kitu, siku ile moja sikuchungulia.

Nikatoka na ungo mikononi, nikapita katikati ya watu, nikauweka chini mbele ya wazee wa ukoo wa bwana harusi waliokaa kwenye vigoda. Nikasema kwa sauti niliyoitoa kwenye nyumba ya bwana meneja, "Karibuni, wakwe zetu, chakula."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Nikatazama pembeni. Karibu na nguzo mbuzi wa mahari walikuwa wamefungwa, na mbele yao, chini, palikuwa na ungo mwingine mweupe, umetandikwa majani ya mgomba, na mbuzi wanakula majani mabichi humo.

Kule kwetu Ugweno mimi sikuwahi kuona desturi hiyo. Kule Mbaga ilikuwa hivi: mbuzi wa mahari wakifika, mama wa binti huwalisha majani kwa ungo mpya mbele ya watu wote, na hapo ndipo wanahesabiwa wamepokelewa. Ungo wa pili ukutani ulikuwa wa akiba, kama mbuzi wangezidi.

Mama mmoja mzee, dada mkubwa wa baba wa bwana harusi, aliutazama ungo wangu, akawatazama mbuzi, akasema polepole, "Mbuzi wameshakula."

Kijana mmoja nyuma yake akasema, "Bado hawa wa miguu miwili, shangazi." Mtu akacheka, akakatishwa. Mzee mmoja aliinuka akachukua fimbo yake. Wengine wakaanza kuinuka. Mshenga, yule mjumbe wao, alikuwa amesimama katikati ameshika kofia. Mimi niliinama nichukue ungo. Nilitaka kusema hiki ni chakula cha Wazungu, nikaona jinsi sentensi hiyo itakavyosikika, nikaimeza.

Shangazi yangu alikuja akapiga magoti pale kwenye ungo. Nilidhani anauondoa. Akachota kwa mkono, akala. Akatafuna watu wote wakimtazama, kabichi ikilia kati ya meno yake katika ule ukimya, akachota tena.

"Chakula hiki ni changu," akasema alipomeza. "Nina ugonjwa wa sukari. Dengelua na ndizi zinaniua. Ile siku haikuwa homa. Hiki ndicho ninachokula, nyuma ya zizi, ili watu wasinione. Huyu mtoto si wa hapa, hajui ungo wetu. Alitaka nile na wakwe zangu bila kufa."

Mume wake aliangalia chini. Mzee mwenye fimbo akabaki amesimama nusu. Yule mama mzee ndiye aliyeuliza.

"Na binti?"

"Binti ni mzima. Lakini msininukuu kesho kwamba niliapa. Mimi nami nilikuwa mzima."

Mzee mwenye fimbo akasema, "Tumesikia. Tutamtuma mshenga." Wakaondoka. Nyama ilibaki, makande yakabaki, vibuyu vikabaki vimejaa povu. Mbuzi waliachwa pale pale, lakini mshenga alisema kwa upole wasichinjwe wala wasichanganywe na wengine mpaka neno lije. Binti wa shangazi alitoka ndani na nguo zake mpya, akaniangalia, akarudi ndani.

Hawakunigombeza. Laiti wangenigombeza. Shangazi aliketi karibu nami jikoni akasema, "Afadhali, baba, nimechoka kula kama mwizi." Lakini sauti yake ilikuwa imeisha, na kupitia ukutani tulikuwa tunasikia binti akilia. Nyumba nzima ilikuwa inasubiri neno moja kutoka Suji, na neno hilo mimi ndiye niliyelihatarisha kwa ungo wa maua ya nyanya. Watoto wa jirani walikuwa tayari wananiita Bwana Majani. Sikuweza kukaa kulisubiri. Asubuhi nikamwambia shangazi ninakwenda kutafuta kazi. Aliuliza wapi. Nikaonyesha chini, upande jua linapotokea.

Niliteremka hadi Kisiwani, nikapalilia shamba la mtu kwa chakula changu. Nilikuwa nikila nimeinamisha kichwa. Kila aliyeshuka kutoka milimani nilimkwepa, nisije nikasikia kwamba posa ya binti imevunjwa. Nilipoona watu wa Mbaga wanazidi kupita pale, nikaondoka tena, nikafuata barabara ya tambarare mpaka Ndungu.

Nilifika Ndungu siku ya gulio, watu wakianza kufunga mizigo. Palikuwa na mama mmoja akiuza chai na maandazi chini ya paa la makuti, na watu wachache wamekaa kwenye gogo wakimsikiliza. Nikaomba chai, nikakaa mwisho wa gogo.

"Kwenye ungo," alikuwa akisema, "mbele ya wazee. Kabichi mbichi. Kijana mmoja Mgweno, alikuwa jikoni kwa Mzungu, jua la mkonge likampiga kichwani."

Wakacheka. Mzee aliyekaa karibu nami alicheka mpaka chai ikamwagika. "Sisi tungefungua mbuzi wetu saa ileile," akasema.

"Kila mtu alidhani hivyo. Ngoja. Walipofika kwao Suji, wanaume wakasema basi, tumetukanwa. Dada yao mkubwa akawaambia, mwanamke ambaye angeweza kunyamaza akatuletea binti na uongo, amekula majani mbele yetu ili tujue. Mnataka mkwe wa namna gani? Wakabishana wee. Mwisho mshenga akatumwa. Ndoa ipo. Na kuonja, ataonja wifi ya huyo mama wa binti kwa niaba yake, siku zote, hata kwenye harusi. Mshenga alipanda na kikapu kizima cha kabichi, zawadi kwa mama mkwe."

Wakacheka tena, safari hii kwa namna nyingine. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili. Kitu kilichokuwa kimekaa kifuani tangu Mbaga kilianza kulegea, na papo hapo aibu ikapanda mpya kabisa, kwa sababu nilikuwa nimekimbia kabla ya neno kufika, nikawaacha wakilisubiri wenyewe.

Nikauliza, nikitazama chini, "Na huyo mama, hali yake?"

"Nilimwona mwenyewe juzi juzi. Anachagua nyanya sokoni, anabishana na muuzaji."

"Na yule kichaa?" mzee akauliza.

"Alitoroka. Angebaki afanye nini?"

"Kweli," nikasema mimi. Nikacheka pamoja nao, na uso ukaniwaka.

Watu walipoondoka nikamsaidia yule mama kubeba masufuria mpaka kwake. Nikamuuliza kama kuna mahali pa kulala. Alinitazama toka juu mpaka chini.

"Unatoka wapi?"

"Same," nikamwambia.

"Kuna stoo nyuma, ina magunia ya mpunga. Panya wapo."

Nikasema itanifaa. Akanipa mkeka, akanionyesha mlango, akaenda kuwasha moto. Nikatandika mkeka kati ya magunia na kukaa juu yake kwa muda mrefu, nikisikiliza sauti za mji ambao bado sikuujua, bila ujasiri wa kutoka kwenda kuutazama.